Njia Iliyokuwa Ikilia

Asubuhi huioni. Adhuhuri huioni.
Ngoja jua lilale ubavu nyuma ya vilima vya Pembina,
kivuli cha jani kiwe kirefu kuliko jani,
ndipo shamba la Ingvald Tveit linapofichua siri:
mifuo saba, sambamba,
kama mbavu za farasi aliyeshinda na njaa,
inakwenda kaskazini wala haiombi radhi.

Ingvald amelima pote. Ngano, kanola, tena ngano.
Kipande hiki kilimshinda kwa mawe.
"Usidhani ni huruma," ananiambia. "Ni bei ya plau."

Domitilde, bibi yake mama yangu,
alipita hapa na magari matatu ya maksai,
magurudumu yakimzidi kimo,
bila msumari hata mmoja:
mwaloni, na ngozi mbichi ya nyati, basi.
Na mhimili haukupakwa mafuta,
kwani mafuta hunasa vumbi,
na vumbi hula mti polepole kama deni.

Kwa hiyo njia ililia.
Mti ukisaga mti kutwa nzima,
ukisikika kabla vumbi halijaonekana.
Debe tupu, husemwa, haliachi kuvuma;
haya yalivuma yakiwa yamejaa:
nyama kavu iliyotwangwa na shahamu,
ngozi za kuuza mjini, mwendo wa wiki tano,
fidla iliyoviringishwa katika blanketi,
na mtoto mwenye surua.

Kwenye mto walivua magurudumu,
wakayafunga chini, gari likageuka chelezo.
Ng'ambo wakayarudisha, wakakamua nguo zao,
njia ikaanza tena kulia
pale pale ilipokuwa imekatizwa.

Uzeeni, kipofu, karibu na jiko,
Domitilde aliweza kuyaigiza yote matatu.
Mama alimsikia, naye alikuwa na miaka sita.
La mbele lilikoroma.
La kati lilisaga meno.
La nyuma, lile la mtoto, lilipiga mluzi mwembamba,
mwembamba,
kisha likanyamaza.
Hapo aliomba chai.

Baadaye walikuja watu na chombo cha shaba
kilichosimama kwa miguu mitatu.
Walisoma nyota usiku,
mchana wakajenga vichuguu vya udongo,
kimoja, mwendo, kingine, mwendo,
wakasema: huku ni huku, na kule ni kule.
Njia haikujua kusoma nyota.
Ilipita katikati ya vichuguu viwili
kama mtu anayepita kati ya viti nyumbani kwake gizani.

Kaburi liko kule.
Ukisimama kwenye mfuo wa nne unaliona:
msalaba wa chuma, ua la waya, mti wa plamu mwitu.
Hatua mia nne, nimezihesabu kwa macho
kwa sababu miguu hairuhusiwi.

Basi kila Agosti nazunguka maili thelathini na moja
hadi kwenye kibanda chenye taa na kamera.
Kijana aliyenyoa vizuri ananiuliza:
Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Umebeba nini?
Hapa, namwambia. Hapo.
Ufagio na keki.
Anatazama keki muda mrefu kuliko pasipoti.
Mwaka jana aliuliza kama nina ndugu upande ule.
Nikasema ninaye mmoja, mdogo.
"Ana umri gani?"
Nilikosa hesabu. Nyuma yangu lori likapiga honi,
akanipungia mkono nipite.

Jioni ile ile narudi, maili thelathini na moja,
naegesha, nafungua lango.
Bawaba inapiga mluzi.
Mwanangu Alcide ameleta kopo la mafuta mara mbili sasa,
anasema majirani watachoka.
La kwanza nililitia kabatini, nyuma ya unga.
La pili sijui nimeliweka wapi,
na sina haraka ya kulitafuta.